Fleshi, diski au intaneti: hesabu za kikundi zilale wapi?



Kuna swali ambalo limefika kwetu zaidi ya mara moja, kutoka vikundi vya akiba na pia kutoka kwa mama mmoja mmoja. Vikundi vingi siku hizi vina kijana anayejua kompyuta, mtoto wa mmoja wetu, ambaye ameandika hesabu za kikundi vizuri sana. Familia nazo zimepiga picha za vyeti vya kuzaliwa, bulteni za shule na karte za uchaguzi, zikazitunza katika simu. Sasa watu wanauliza: vitu hivi viwekwe wapi ili visipotee? Sokoni kuna fleshi, kuna karte memwari, kuna diski kubwa na ndogo. Na watoto wanasema tuweke vyote kwenye intaneti. Kipi ni bora?

Muuzaji atakuambia bora ni kile anachouza. Sisi tunapendelea swali lingine: hiki kinakufa namna gani? Maana vyote vinakufa. Kimoja kinakufa kwa kuanguka, kingine kwa joto, kingine kwa kirusi, kingine kwa sababu umesahau neno la siri. Ukijua kifo cha kila kimoja, utajua pia namna ya kuvipanga.

Kwanza kipimo, haraka tu. Nafasi ya kutunza vitu hupimwa kwa megabaiti na gigabaiti. Kama megabaiti ni kikombe, gigabaiti ni pipa, kwa kuwa ina megabaiti kama 1000. Hesabu za kikundi cha wanachama 30 kwa mwaka mzima hazijazi hata kikombe hicho kimoja. Picha moja ya simu ya kawaida ni megabaiti 3 au 4. Video ya dakika moja iliyo safi inafika karibu megabaiti 100. Kwa hiyo anayekushawishi kununua kitu kikubwa mno kwa ajili ya hesabu za likelemba anakuuzia ghala wakati una kikapu kimoja cha maharage. Kinachokula nafasi ni video za harusi na za ubatizo. Hesabu hazili kitu.

Tuanze na diski ngumu, kwa sababu ndiyo mzee wa familia. Diski ya kwanza ya namna hii iliuzwa na kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja pana kuliko sinia la kulia ugali, mashine nzima ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na ndani yake mliingia megabaiti 5 hivi tu. Yaani picha moja ya mtoto wako, labda na nusu ya picha ya pili. Diski ya leo inatosha mkononi na inabeba mara laki kadhaa ya hiyo, lakini kazi yake haijabadilika sana. Ndani kuna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5400 kwa dakika, na juu ya sahani kuna mkono mdogo unaosoma na kuandika kwa nguvu ya sumaku. Mkono huo haugusi sahani. Unaelea juu yake katika nafasi nyembamba kuliko chembe ya moshi.

Hapo ndipo kifo chake kilipo. Ukiiangusha diski ngumu ikiwa inazunguka, au mtoto akivuta waya na ikaanguka kutoka mezani, mkono unagonga sahani na kuikwaruza. Diski iliyopata ajali hiyo mara nyingi inatoa sauti ya kugonga, ka-ka-ka. Ukisikia sauti hiyo, izime mara moja na usiendelee kujaribu, kwa maana kila jaribio linakwaruza zaidi. Diski iliyozimwa inavumilia kidogo, lakini kuisafirisha kwa pikipiki katika barabara zetu bila kuifunga ndani ya kitambaa kizito ni kujitafutia shida. Uzuri wake ni kwamba ndiyo bei nafuu ukilinganisha na wingi wa nafasi inayokupa, na ikikaa mahali pakavu bila kusukumwa inaweza kutunza vitu kwa miaka mingi. Ni kama mtungi wa maji: unajaa vizuri, lakini mtungi hautembezwi tembezwi.

Fleshi na karte memwari ni watoto wa familia nyingine kabisa. Ndani hakuna kinachozunguka. Kuna vijumba vidogo sana, mabilioni yake, na kila kijumba kinafungia umeme kidogo ndani. Njia hiyo ya kutunza ilibuniwa na Mjapani mmoja, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980, na fleshi za kuchomeka kwenye kompyuta zilianza kuuzwa mwaka 2000. Ukiangusha fleshi, haijali. Ikipita katika maji ya kufulia nguo, mara nyingi inapona kama utaiacha ikauke vizuri kabla ya kuichomeka. Ndiyo sababu wengi wanadhani haifi.

Inakufa, na kwa njia nne. Hapa tuchukue muda, kwa sababu vikundi vyetu vingi vimetegemea kitu hiki kimoja.

Njia ya kwanza ni uchovu. Kila unapoandika na kufuta, kijumba kinachoka kidogo, na baada ya mara elfu kadhaa, au pungufu kwa zile za bei ya chini, kinakataa kushika. Kwa hesabu za kikundi hilo si tatizo kubwa, kwa sababu hamuandiki kila dakika.

Ya pili ni usahaulifu. Ule umeme uliofungiwa unavuja polepole. Fleshi iliyofichwa chini ya godoro kwa miaka kadhaa bila kuguswa inaweza kufunguliwa siku moja na kukutwa sehemu imefutika, na joto linaharakisha uvujaji. Basi usiiweke karibu na jiko wala kwenye paa la bati. Kila mwaka ichomekwe, vitu vifunguliwe, vinakiliwe upya.

Ya tatu ni uongo. Sokoni zinauzwa fleshi na karte memwari zilizoandikwa gigabaiti 512, hata zaidi ya 1000, kwa bei ya chupa chache za mafuta ya kula. Ndani yake mara nyingi ni kitu kidogo cha gigabaiti 8 au 16, kilichofundishwa kuidanganya kompyuta kuwa ni kikubwa. Ukiweka vitu vichache, vinakaa vizuri na wewe unafurahi. Ukizidisha kipimo cha kweli, majina ya picha unayaona, lakini picha zenyewe hazifunguki, au mpya zimeandikwa juu ya za zamani. Mwizi huyo hujulikana kwa kujazwa. Kabla ya kuweka kitu cha maana, jaza fleshi mpya kwa video za kawaida mpaka ukingoni, kisha fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Zikicheza zote hadi mwisho, umepata dalili njema. Kijana mwenye kompyuta anaweza kupima kwa uhakika zaidi kwa programu ya bure inayoitwa H2testw. Mama anayenunua mchele hufungua gunia na kutia mkono mpaka chini. Fleshi nayo itiwe mkono mpaka chini.

Ya nne ni ugonjwa wa kuambukizwa. Sekretere wa kikundi anaenda kuchapisha ripoti kwenye sekretariati ya mtaani, penye kompyuta moja na fotokopi, mahali ambapo fleshi 40 zimechomekwa tangu asubuhi. Anarudi nyumbani, anaona mafaili yote yamegeuka vijia vya mkato visivyofungua kitu. Hicho ni kirusi. Wengi hapo wanashauriwa kusafisha fleshi yote, na hapo ndipo hesabu zinapokufa kweli. Mara nyingi kirusi cha namna hii hakijafuta kitu, kimeficha tu. Usikubali isafishwe kabla ya mtu anayejua kufungua mafaili yaliyofichwa na kuyanakili mahali pengine.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa: kikundi kiwe na fleshi mbili. Moja ni ya kutembea, inabeba ile karatasi moja tu inayoenda kuchapishwa. Nyingine ni ya kulala, haitoki nyumbani, na haichomekwi kwenye kompyuta isiyojulikana hata siku moja.

Karte memwari, ile ndogo kama ukucha wa kidole, ina vifo hivyo hivyo na kimoja zaidi: inapotea. Inaanguka kwenye mkeka, inafagiliwa, basi. Pia watu wanauza au kupeana simu huku karte iko ndani, na pamoja nayo picha zote za nyumba. Kabla simu haijatoka mkononi mwako, toa karte kwanza.

SSD tuipitie haraka. Ni ndugu mkubwa wa fleshi, haina kinachozunguka, na ina kasi sana. Kompyuta ya zamani inayochelewa kuwaka ikiwekewa SSD inakuwa kama imefufuka. Inavumilia kuanguka kuliko diski ngumu. Lakini ni ghali zaidi kwa nafasi ile ile, na ina tabia moja ya kujua: ukifuta kitu kwa bahati mbaya kwenye diski ngumu, fundi mara nyingi anaweza kukirudisha, kwenye SSD, mara nyingi kimekwenda. Kwa kikundi ambacho hakina kompyuta yake, si lazima. Na zile sahani za CD na DVD? CD inabeba megabaiti 700, DVD gigabaiti 4.7. Zile za kuchoma wenyewe zinaharibiwa na jua na mikwaruzo, na kompyuta mpya nyingi hazina tena mlango wa kuziingiza. Kama video ya harusi yako iko humo, ihamishe mwaka huu, wakati bado kuna mashine ya kuisoma mtaani kwenu.

Sasa twende kwenye intaneti. Watoto wanasema "imo hewani," lakini si hewani. Ukiweka picha kwenye Google, picha inakwenda kukaa ndani ya majumba makubwa yaliyojaa diski, na inanakiliwa zaidi ya mara moja ili diski moja ikifa nyingine iendelee. Faida yake kwa watu wa upande wetu huu hatuhitaji kuieleza kwa maneno mengi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 mlima ulilipuka tena jioni, na siku chache baadaye, tarehe 27, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Watu walienda Sake, walivuka Rwanda, walipanda mashua kuja Bukavu. Uvira nako, mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe uliingia ndani ya nyumba. Mama anayekimbia usiku anabeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hana mkono wa tatu wa kubeba kabati la karatasi, na diski ngumu iliyoachwa nyumbani inaungua au inazama pamoja na kabati. Kilichowekwa mbali na mji wenu hakiungui na mji wenu.

Lakini intaneti nayo ina vifo vyake. Cha kwanza ni mega. Kupandisha hesabu na picha kumi za vyeti ni kitu kidogo, lakini ukiiruhusu simu ipandishe kila video, mega za wiki zinaisha kabla ya chakula cha mchana. Chagua mwenyewe kipi kipande, na zima upandishaji wa video. Cha pili ni nafasi: Google inatoa gigabaiti 15 bure, na humo wanahesabu barua pepe, picha, na hata nakala za WhatsApp za simu za Android. Ikijaa, haipokei tena, na onyo linakuja kwa lugha ambayo mama wengi hawasomi. Cha tatu ni kimya: akaunti ambayo haikufunguliwa kwa miaka 2, Google inaweza kuifuta pamoja na yote yaliyomo. Mama aliyefungua akaunti ili kuhifadhi vyeti, kisha akabadilisha simu na kusahau, anaweza kurudi akakuta mlango haupo.

Cha nne ndicho tunachokiona zaidi vikundini. Akaunti imefunguliwa na kijana mmoja, kwa namba ya simu yake, kwa neno la siri analolijua yeye peke yake. Kijana anaenda Kinshasa kusoma, au anaoa, au simu inaibiwa. Wanachama 30 wanabaki nje ya hesabu zao wenyewe. Hapo kikundi hakina hesabu. Kina kijana mwenye hesabu.

Sisi tunaofanya akiba tunajua jambo hili vizuri kuliko watu wa kompyuta. Sanduku letu lina kufuli 3, na funguo 3 ziko kwa wamama 3 ambao hawakai nyumba moja, wala si mtu na wifi yake. Hakuna aliyetufundisha kwamba sanduku la chuma ni bora au la mbao ni bora. Tulifundishwa kwamba mtu mmoja asitoshe kulifungua, na mtu mmoja asitoshe kulipoteza. Watu wa kompyuta wana kanuni yao wanayoiita 3-2-1: nakala 3, katika vitu vya aina 2 tofauti, na nakala 1 iwe mbali. Ni sanduku letu lile lile, limeandikwa kwa namba.

Na karatasi? Kaye ya kikundi, iliyoandikwa kwa biki, ni kitunzio pia, na sisi hatukubali idharauliwe. Haihitaji umeme, haina neno la siri, na mama ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaweza kuona mstari wake na kuuliza kwa nini umeandikwa hivi. Hicho ni kitu ambacho fleshi haiwezi. Adui zake ni maji, moto, panya na mtu anayechana ukurasa. Basi isiondoke. Mwisho wa kila mkutano, kabla ya kaye kurudi sandukuni, wamama wawili wapige picha ukurasa wa siku hiyo, kila mmoja kwa simu yake, mbele ya wote. Hapo tayari mna nakala 3 na hamjanunua kitu.

Kwa kikundi chenye uwezo kidogo zaidi, pendekezo letu ni hili: kaye sandukuni; fleshi ya kulala kwa mwanachama wa avenu nyingine, si kwa mwenye sanduku; na nakala moja kwenye intaneti, katika akaunti ya kikundi, ambayo neno lake la siri limeandikwa kwenye karatasi, limefungwa ndani ya bahasha, na bahasha iko ndani ya sanduku. Namba ya simu ya akaunti iwe ya mmoja wa komite, na komite ikibadilishwa, namba ibadilishwe siku hiyo hiyo, kama vile funguo zinavyokabidhiwa. Diski ngumu au SSD, nunueni tu kama mna video na picha nyingi za kazi zenu.

Kwa familia ni kidogo tofauti. Picha za vyeti, karte za uchaguzi na diploma ziwe katika simu mbili, ya baba na ya mama kwa mfano, au ya mama na ya dada yake anayeishi mji mwingine, na ziwe kwenye intaneti. Jueni kwamba picha haichukui nafasi ya cheti chenyewe ofisini. Lakini inaonyesha namba, tarehe na ofisi iliyokitoa, na hivyo ndivyo vitu vya kwanza vinavyohitajika mtu anapoenda kuomba kingine.

Neno moja kuhusu siri, kwa sababu ya wakati tunaoishi. Orodha ya majina ya wamama, pamoja na kiasi ambacho kila mmoja ameweka na avenu anayokaa, ni kitu cha hatari kikianguka mikononi mwa mtu mbaya. Fleshi haina kufuli yenyewe, anayeiokota anaisoma. Faili la hesabu linaweza kuwekewa neno la siri, na kijana wenu anajua namna. Katika orodha hiyo tumieni namba ya mwanachama badala ya jina kamili na avenu, na karatasi inayoeleza namba ipi ni ya nani ikae mahali tofauti. Orodha isitumwe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 100, hata kama ni la kanisa.

Kilichobaki ni siku ya kukagua. Mnapogawana akiba mwisho wa mzunguko wenu, kabla ya soda, leteni fleshi ya kulala na mfungue bahasha. Jaribuni kufungua hesabu za mwezi wa tatu kutoka kila nakala, na mwanachama mmoja asome mstari wake kwa sauti. Nakala isiyofunguka siku hiyo ifanywe upya hapo hapo, na bahasha irudi sandukuni ikiwa na neno jipya la siri.